Somo: Umekaa nje ya uuguzi miaka mingi? Njia ya kurudi wodini

Somo hili ni la wauguzi wa Daraja la Pili, ninyi mliosoma cheti, mkavaa sare, mkafanya kazi, halafu maisha yakawatoa wodini. Wengine mlimfuata mume Mererani, wengine mlirudi Rombo kuuguza mzazi, wengine mna duka Kilombero mpaka leo. Nimepokea wengi wa namna yenu katika wodi ya wazazi hapa Moshi, na nawaambia bila kuzunguka: anayerudi haangushwi sana na kusahau. Anaangushwa na kukumbuka vizuri mno mambo ambayo yameshafutwa. Kwa hiyo kwenye makaratasi nitapita haraka, nikae zaidi kwenye kazi yenyewe.

Hatua ya kwanza: leseni

Jina kuwa kwenye daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ni jambo moja, kuwa na leseni hai ni jambo jingine, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka vyote viwili. Kusanya cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na matokeo yake, cheti cha Baraza, leseni ya mwisho hata kama imechakaa, na kitambulisho cha NIDA. Vitandaze mezani, usome majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo akina mama wengi wanapokwama: chuoni aliandikwa kwa jina la baba, NIDA ana jina la mume, kwenye cheti cha sekondari kuna herufi imeruka. Nenda kwa wakili ushughulikie kiapo au hati ya kubadili jina kabla ya kutuma maombi. Majina yakigongana utazungushwa sana.

Kisha liandikie Baraza ueleze lini ulitoka, kwa nini, na ulikuwa ukifanya nini. Wao ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu utakayopitia kabla ya leseni kurudi. Usipunguze miaka.

Hatua ya pili: mahali pa kujifunzia

Andika barua kwa Mganga Mfawidhi, ipitie kwa Muuguzi Mfawidhi, uombe kujifunza upya chini ya usimamizi. Ushauri wangu hapa wengine hawaupendi: usianzie KCMC. Ni hospitali ya rufaa ya kanda, inapokea walioshindikana kwingine, na kila idara imejikita kwenye ubingwa wake. Wewe unahitaji kuona mambo ya kawaida, mengi, kila siku. Mawenzi inakutosha, au Mount Meru kwa walio Arusha, au kituo cha afya ambacho leba yake hailali.

Mpaka leseni iwe hai wewe ni mtazamaji. Hushiki sindano, hutoi dawa, huzalishi. Lakini mtazamaji makini anavuna: sikiliza wanavyokabidhiana zamu, soma mafaili, jua trei ya dharura inakaa wapi na ndani yake kuna nini. Kama hukukamilisha dozi 3 za chanjo ya homa ya ini B, anza sasa. Na siku utakayochomwa na sindano iliyotumika, toa taarifa papo hapo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inakupunguzia nafasi.

Hatua ya tatu: yaliyobadilika

Nunua daftari, gawa ukurasa sehemu mbili: kushoto tulivyofundishwa, kulia inavyofanyika sasa. Jaza kila siku. Nakuanzishia.

Malaria kali: sisi tulitundika kwinini kwenye dripu tukakaa nayo masaa. Sasa ni sindano ya artesuneti, miligramu 2.4 kwa kila kilo ya mgonjwa, na mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kilo. Inatolewa anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza. Na hakuna kuanza dawa ya malaria kwa kumgusa paji la uso. Pima kwanza.

VVU: tulikuwa tunasubiri CD4, yaani chembe za kinga mwilini, zishuke ndipo mtu aanzishiwe dawa. Tangu 2016 nchi yetu inaanzisha dawa kwa kila anayegundulika.

Chanjo: kama ulitoka kabla ya 2013, hukuwahi kutoa ya rota, ile ya kuzuia kuhara, wala ya nimonia. Ya HPV kwa wasichana, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, iliingia nchi nzima 2018. Kaa kliniki ya mama na mtoto asubuhi chache, ratiba itaingia kichwani yenyewe.

Leba: Shirika la Afya Duniani sasa linahesabu uchungu kuwa umekolea mlango wa kizazi unapofunguka kuanzia sentimita 5, na mwaka 2020 lilitoa fomu mpya ya kufuatilia uchungu. Uliza wodi yako inatumia ipi, ujizoeze kuijaza hiyo.

Damu baada ya kujifungua, hapa naomba uweke alama nyekundu. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 kwenye msuli mara mtoto anapotoka, ukishahakikisha hakuna pacha. Damu ikizidi, hatukisii tena kwa macho, maana macho hudanganya na shuka hunyonya. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania: damu inapimwa kwa mfuko maalumu wenye alama chini ya mama, na ikizidi hatua zote zinachukuliwa kwa pamoja, yaani kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu), dripu, na kumkagua mama kujua damu inatoka wapi. Hatari ya kuvuja damu kupita kiasi ilipungua kwa asilimia 60. Asidi ya traneksamiki ni gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Zamani tulijaribu kimoja, tukasubiri, tukajaribu kingine, na mama anaondoka tukiwa tunasubiri.

Hatua ya nne: mikono

Mtoto asiyelia. Kumning'iniza miguu juu na kumpiga makofi kumekwisha, na kumnyonya puani kila mtoto kumekwisha pia. Mkaushe vizuri, toa kitambaa kilicholowa, msugue mgongo. Kama njia ya hewa ina uchafu ndipo unasafisha. Bado hapumui? Ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa, na maski, na pumzi ya kwanza iingie kabla dakika moja haijaisha tangu azaliwe. Unampulizia mara 40 kwa dakika huku jicho liko kifuani: kifua kisipopanda, maski haijakaa, rekebisha kichwa ukae upya. Omba mwanasesere wa mafunzo, fanya kila unapopata nafasi mpaka kiganja kijue maski inavyoshikwa. Kusoma peke yake hakukusaidii hapa.

Dripu nayo. Mililita zidisha matone ya seti kwa mililita moja, gawanya kwa dakika. Lita moja kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa 480, unapata matone 42 kwa dakika. Soma pakiti ya seti kila mara, kwa sababu ile ya watoto ni matone 60.

Hatua ya tano ni kompyuta. Hospitali nyingi za serikali zinaandika kwenye GoTHOMIS, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za hospitali. Kaa na kijana wa masjala, akuonyeshe. Si ngumu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Sanawari: Shikamoo mama. Nina miaka 47. Serikalini bado naweza kuingia?

Marahaba mwanangu. Matangazo ya ajira za serikali huwa yanataka umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa aliye tayari kazini serikalini. Kwa hiyo elekeza nguvu kwenye hospitali za mashirika ya dini na za binafsi, maana mkoani kwetu na mkoa wa jirani ziko nyingi. Wanachotazama ni leseni na barua ya mahali ulikojifunza upya.

Mwanachama wa Majengo: Kuna zahanati ya mtu wanataka nianze Jumatatu, wanasema leseni itafuata. Nimeshakaa bila kipato muda mrefu.

Naijua hiyo dhiki, mdogo wangu, na bado nakuambia usiende. Kufanya kazi ya uuguzi bila leseni ni kosa kisheria, na mgonjwa akidhurika ni jina lako litakaloandikwa. Waombe wakupe kazi ya mapokezi kwa sasa, kwa maandishi. Wakikataa, umeshajua walichokuwa wanakutakia.

Mwanachama wa Marangu: Mimi naogopa magnesiamu ya kifafa cha mimba. Niliiona mara moja tu chuoni.

Woga huo una faida, mradi usikuzuie kuitoa, kwa sababu mama mwenye kifafa cha mimba anakufa kwa kukosa dawa hiyo. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa polepole, na gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako. Kabla ya kila dozi inayofuata angalia vitu vitatu: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, usitoe, ita msaada. Kalisiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kupambana na magnesiamu iliyozidi, iwe kwenye trei hiyo hiyo, ionekane.

Mwanachama wa Usa River: Inchaji wangu, msimamizi wa wodi, ni binti mdogo kuliko mwanangu, na ananiamrisha mbele ya wagonjwa.

Mwite sista kama wengine wanavyomwita, ufanye anachosema kama ni sahihi. Akikosea adabu, mngoje zamu iishe, mzungumze pembeni. Ila jiulize kwanza kama anakuamrisha au anakurekebisha. Binti huyo amesoma kwenye ile safu ya kulia ya daftari lako.

Mwanachama wa Pasua: Nyumbani sina dripu. Nifanyie wapi mazoezi ya matone?

Omba wodini seti iliyopita muda. Chomeka kwenye chupa ya maji ya mililita 500, itundike kwenye msumari, weka beseni chini. Washa saa ya simu, rekebisha mpaka upate matone 10 au 11 kwa sekunde 15, hapo uko kwenye 42. Kisha hesabu dakika nzima kuhakikisha. Ukiweza, kokotoa mililita 500 kwa saa 6 uipange upya, uniletee jibu hapa.