Borrow na lend: jinsi ya kujua ni lipi linalotakiwa

Mwanafunzi anayesema "Borrow me your pen" hakukosa msamiati. Ameifuata sarufi ya Kiswahili ndani ya sentensi ya Kiingereza. Kitenzi chetu kuazima hufanya kazi pande zote mbili. Tunasema "Nimeazima jembe kwa Juma" tukimaanisha kwamba tumelichukua, kisha tunasema "Niazime jembe" tukimwomba Juma alitoe, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa kuwa viambishi na maneno ya jirani huonyesha jembe linaelekea wapi. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo: borrow ni la anayechukua, lend ni la anayetoa. Wajerumani nao, ambao kitenzi chao leihen hubeba maana zote mbili, huteleza papo hapo.

Hatua ya kwanza ni kumtambua mtenda kabla ya kuchagua kitenzi. Jiulize kama anapokea kitu au anakitoa. Katika "I borrowed a hoe from Juma", mtenda ni mimi, na jembe limekuja kwangu. Katika "Juma lent me a hoe", tukio halikubadilika, ila sasa mtenda ni Juma, naye ndiye aliyetoa. Ndiyo maana ombi likianza na "Can I" hufuatiwa na borrow, na likianza na "Can you" hufuatiwa na lend.

Hatua ya pili, ambayo kwa maoni yangu husaidia kuliko kanuni nyingi za vitabuni, ni kuliweka kando neno kuazima na kujaribu kukopa na kukopesha, hata kama kinachozungumzwa si fedha. Hapo sikio la Mswahili halikosei: mwenye duka aliyetoa sukari kwa daftari hawezi kusema kwamba amekopa. Linapofaa kukopa, andika borrow. Linapofaa kukopesha, andika lend. "Nikopeshe kalamu" haipendezi kuisikia, nakubali, lakini inakupeleka moja kwa moja kwenye "Lend me a pen".

Hatua ya tatu inahusu maneno yanayofuata kitenzi. Borrow huandamana na from, na lend huandamana na to, ingawa lend huruhusu pia mtu atajwe mara baada yake, kama katika "lend me". Wakati uliopita ni borrowed na lent; lended si sahihi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, na loan linaingia wapi?

Jibu: Loan kama nomino ni mkopo, na halina utata. Kama kitenzi lina maana ya lend, na Wamarekani hulitumia hivyo kwa kawaida. Uingereza wengi hulitumia zaidi kwa mambo rasmi, kwa mfano jumba la makumbusho linapoazimisha mchoro kwa jumba jingine. Katika insha ya mtihani unaofuata Kiingereza cha Uingereza, ni salama zaidi kuandika lend.

Swali: Nimepewa mkataba wa mkopo ulioandikwa "the Lender" na "the Borrower". Mimi ni yupi?

Jibu: Wewe unayepokea fedha ni Borrower, na taasisi inayozitoa ni Lender. Soma kila kifungu ukiwa na hilo akilini, kwa sababu kifungu kinachosema "the Borrower shall pay" kinakutwisha wewe gharama, hata kama ni gharama ya mwanasheria au ya tathmini ya nyumba. Ukiona neno Guarantor, huyo ni mdhamini, mtu wa tatu, na jina lako halipaswi kuonekana hapo ikiwa hukumdhamini mtu.

Swali: Je, naweza kusema "Can I borrow your toilet?"

Jibu: Utaeleweka, na huenda wakacheka. Borrow hutumika hasa kwa kitu unachoondoka nacho ukakirudisha baadaye. Kwa kitu kisichohamishika, sema "Can I use your toilet?"

Swali: Mbona rent halina mwenzake?

Jibu: Umeuliza vyema, kwani hapa mambo yamegeuka. Sisi tunatenganisha kupanga na kupangisha, kukodi na kukodisha, ilhali rent la Kiingereza hubeba pande zote mbili. "She rents a room in Mombasa" inaweza kumhusu mpangaji au mwenye nyumba. Ukitaka kuondoa utata, andika "rents from" kwa mpangaji na "rents out" kwa mwenye nyumba. Waingereza husema pia let kwa huyu wa pili.