Somo: Kupanga maji na malisho ya ng'ombe wakati wa kiangazi, Usangu hadi Pawaga

Ukanda mkavu wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia bonde la Usangu wilayani Mbarali hadi Ismani na Pawaga mkoani Iringa, hupata msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo ifikapo mwishoni mwa Mei, nyasi zote zitakazoliwa mpaka mvua zirudi huwa zimekwisha kuota, na hazitaongezeka tena. Wafugaji wengi hutangulia kuchimba lambo, nyasi wakazihesabu baadaye au wasizihesabu kabisa, ilhali mahali pa kunyweshea ndipo panapoamua nyasi zipi ziliwe na zipi zibaki.

Hatua ya kwanza: pima nyasi mwezi Mei

Chagua sehemu kadhaa za eneo lako, zenye nyasi nzuri na zenye nyasi hafifu, kwani jicho la mfugaji hupenda kutua penye neema tu. Katika kila sehemu kata nyasi zote za mita moja ya mraba, zikaushe vizuri, kisha uzipime. Tuchukulie kwamba wastani umekuwa gramu 150, ambazo ni sawa na kilo 1,500 kwa hekta. Usihesabu zaidi ya nusu yake kuwa chakula, kwa sababu nyasi zinazobaki ndizo zinazolinda mizizi na kufunika udongo, na sehemu nyingine hukanyagwa au huliwa na mchwa. Unabaki na kilo 750 kwa hekta.

Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hula nyasi kavu kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo sita na robo. Kundi la ng'ombe 40 litahitaji kilo 250 kwa siku, na kilo 45,000 kwa siku 180 za kiangazi, Juni hadi Novemba, ambazo ni mavuno ya hekta 60, karibu ekari 150. Mwenye hekta 40 atafika siku ya 120 na kuishiwa, yaani mwishoni mwa Septemba, wakati miezi migumu zaidi bado iko mbele.

Hatua ya pili: pima maji

Weka wastani wa lita 30 kwa ng'ombe kwa siku. Kundi lile lile litakunywa lita 1,200 kwa siku, na mita za ujazo 216 kwa siku 180. Lambo lenye ujazo huo kamili halitatosha, kwa kuwa jua na upepo wa kiangazi huweza kuondoa milimita tano za kina kila siku, karibu mita nzima kwa msimu, bila kutaja yanayozama ardhini.

Hatua ya tatu: panga zamu, kuanzia mbali

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Wakati wa mvua madimbwi hujaa hata maeneo ya mbali, nyasi zake zikawa zinafikika, lakini madimbwi yakikauka nyasi hizo hazina tena mteja. Lipelekeni kundi kwenye nyasi hizo kwanza. Ng'ombe wanaozunguka lambo la kudumu mwezi Februari wanakula akiba ya Oktoba, na wataanza Oktoba wakitembea kilomita nyingi kila siku kati ya maji yasiyo na nyasi na nyasi zisizo na maji. Kadiri madimbwi yanavyokauka, kundi lirudi hatua kwa hatua kuelekea maji ya kudumu.

Wasukuma waliohamia Usangu wanaifahamu ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, ambayo huko Shinyanga ilihuishwa na mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986. Ushauri wangu ni kwamba ngitili iwe karibu na maji ya kudumu, ifunguliwe mwishoni, na wapewe kwanza ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na waliodhoofika.

Hatua ya nne: maji yawe na mlango

Zungushia lambo uzio wa miiba na uyatoe maji hadi kwenye birika la kunyweshea. Birika likifungwa, malisho ya eneo hilo yanapumzika bila ugomvi na wachungaji. Kandokando ya mto, birika likae nje ya mita 60, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo. Anayetaka kuzuia au kuchepusha kijito aombe kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu mwaka 1993, hivyo jambo hili si la mzaha.

Hatua ya tano: uza mapema

Wanaozidi hesabu ya hatua ya kwanza wauzwe Juni, wakiwa bado na nyama.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Igurusi: Shikamoo mwalimu. Je, mabua ya mpunga yanaweza kuziba pengo?

Jibu: Marahaba. Yanajaza tumbo lakini yana protini kidogo. Yeyusha kilo 4 za urea katika lita 50 hadi 100 za maji, nyunyizia kilo 100 za mabua makavu, yashindilie na kuyafunika kwa turubai yasipitishe hewa kwa wiki tatu. Yaanike kwanza mpaka harufu kali ipungue, na usiwape ndama wa chini ya miezi sita. Urea ikiliwa au kunywewa peke yake huua.

Mwanachama, Pawaga: Lambo letu ni pana, lakini hukauka Septemba. Tulipanue?

Jibu: Lichimbeni kwenda chini. Upana huongeza uso unaokaushwa na jua, kina hakiuongezi. Pimeni kwanza unene wa udongo wa mfinyanzi, msije mkatoboa hadi kwenye mchanga.

Mwanachama, Ismani: Tukichoma nyasi kavu Oktoba, si zitachipua?

Jibu: Zitachipua kidogo kwa kutumia akiba ya mizizi, nanyi mtakuwa mmeteketeza chakula cha Novemba.

Mwanachama, Rujewa: Je, ng'ombe wanaweza kunyweshwa siku moja na kuruka moja?

Jibu: Wa kienyeji wanaweza, ingawa watakula kidogo kuliko kawaida. Faida yake ni kwamba siku isiyo ya maji huwafikisha kwenye nyasi za mbali ambazo vinginevyo zingebaki. Wanaokamuliwa, wenye mimba kubwa na ndama wanyweshwe kila siku, na ndiyo maana nimeshauri ngitili yao iwe karibu na birika.