Namna ya Kuyapa Mabasi Kipaumbele Kwenye Taa za Barabarani

Kabla ya kununua kifaa chochote, panda basi lenyewe saa za msongamano, uandike linasimama wapi, kwa muda gani na kwa sababu ipi. Muda unaopotea abiria wakilipa nauli mlangoni hauponywi na taa. Unaokuhusu ni ule unaopotea kwenye nyekundu. Uhesabu kwa watu, si kwa magari, kwani basi lenye abiria 60 likizuiwa kwa sekunde 30, abiria hao kwa jumla wamepoteza nusu saa.

Kisha tazama kituo kilipo. Kikiwa kabla ya makutano, kijani huongezwa ilhali basi bado linapakia, nacho huishia bure, kwa kuwa hakuna mtambo unaojua abiria wa mwisho atapanda lini. Kihamishie ng'ambo ya makutano, penye nafasi ya kutosha ili mabasi yanayosubiri yasizibe njia. Mimi ningeanza na hatua hii hata kama fedha za hatua nyingine hazijapatikana.

Ndipo uchague namna ya kulitambua basi, iwe kwa nyaya zilizofukiwa chini ya lami, kwa redio au kwa GPS. Litambuliwe linapokaribia, na tena likishavuka, ili taa irejee kwenye utaratibu wake mara moja. Basi linaloelekea kuikosa kijani kwa sekunde chache hurefushiwa kijani hicho, na hapo ndipo faida ilipo kubwa, kwa sababu lingengoja nyekundu nzima. Linalokuta nyekundu hufupishiwa.

Sekunde hizo zisichukuliwe kamwe kwenye taa ya njano, wala kwenye muda ambao pande zote ni nyekundu, wala kwa waendao kwa miguu. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, barabara ya mita 12 huvukwa kwa sekunde 10, na mzee huhitaji zaidi.

Barabara inayokatiza ifidiwe sekunde zake katika mzunguko wa taa unaofuata. Mabasi yakiwa mengi na maombi yao ya kijani yakagongana, lipendelewe lililochelewa. Pia, basi lililokwama nyuma ya foleni ndefu halifaidiki na kijani chochote; hilo litengewe njia yake hadi kwenye mstari wa kusimamia.

Mwezi mmoja baadaye, panda tena basi lilelile saa zilezile, kisha usimame pia na wanaosubiri kuvuka, uwapimie muda wao.