Mbwa wa Jirani Wasiofungwa Uingereza: Wakati wa Kuzungumza Naye na Wakati wa Kutoa Taarifa

Miongoni mwa kero zinazowasumbua Waafrika Mashariki wanaoishi Uingereza, mbwa wa jirani ni kero ambayo wengi huibeba kimyakimya. Ua wa mbao umeoza, mbwa wawili wakubwa wanapenya na kutoka, wanasimama kwenye njia ya waenda kwa miguu huku wakinguruma, na mama anayewapeleka watoto shule analazimika kuvuka barabara kila asubuhi ili asipite mbele ya nyumba hiyo. Hasemi lolote, kwa kuwa anajiona mgeni, anaogopa kuitwa mchochezi, na amewahi kusikia kwamba Waingereza huwapenda mbwa wao kama wanavyowapenda watoto wao. Ninaamini kwamba kunyamaza huko si ustaarabu. Uamuzi wa kutoa taarifa au kutotoa unapaswa kutegemea walichokifanya mbwa na nani yuko hatarini, wala si muda ambao wewe umeishi katika mtaa huo.

Sheria ninazozieleza hapa ni za England na Wales. Scotland ina sheria yake ya mwaka 2010 inayowapa maofisa wa halmashauri uwezo wa kumpa mwenye mbwa notisi ya kumdhibiti, na Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake wa leseni, kwa hiyo anayeishi huko aanze na halmashauri ya eneo lake.

Jambo la kwanza ambalo wengi wetu hatulifahamu ni kwamba si lazima mtu ang'atwe ndipo kosa liwepo. Sheria ya mbwa hatari ya mwaka 1991, katika kifungu chake cha 3, inasema ni kosa kumwacha mbwa bila udhibiti kwa namna ya hatari, na inaeleza kwamba hatari hiyo ipo pale mtu anapokuwa na sababu za msingi za kuhofu kwamba mbwa atamjeruhi, hata kama mwishowe hakumjeruhi. Tangu mwaka 2014 kifungu hicho kinahusu mahali popote, pamoja na bustani na nyumba ya mwenye mbwa, isipokuwa kwamba aliyevamia nyumba ya mtu hapati ulinzi uleule. Sheria haichagui aina ya mbwa: mbwa mdogo anayewakimbilia watoto akiwa ametoa meno anahesabika, na mbwa mkubwa aliyelala mlangoni bila kumsumbua mtu hahesabiki.

Ndiyo maana inafaa kutenganisha hofu na tukio. Wengi wetu tulikua tukimjua mbwa kama mlinzi anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku, na aliyekua karibu na mbwa koko wa mtaani amejifunza kuwaogopa wote kwa pamoja. Kwa Waislamu wengi wa pwani kuna pia suala la najisi, kwani mate ya mbwa yakigusa nguo humlazimu mtu kuitwaharisha kabla ya sala. Hayo ni mambo ya kweli na ya heshima, na jirani mwungwana akielezwa huwa anaelewa, lakini ofisa atakayepokea malalamiko hawezi kuchukua hatua kwa sababu hizo. Vilevile, kubweka nyuma ya ua mzima, au mbwa kutembea bila kamba kwenye bustani ya umma ambako halmashauri haijaweka amri ya kuwafunga, si kosa kwa lenyewe. Kinachopimwa ni mwenendo: je, mbwa alikukimbilia, alikuzuia kupita, alikurukia, alinguruma huku akikusogelea, alimfuata mtoto hadi mlangoni? Je, mwenyewe alikuwepo, na alipomwita, mbwa alitii?

Tukio moja dogo, ambalo mwenye mbwa amelijutia na kulirekebisha, halihitaji taarifa. Mlango wa ua unaweza kusahaulika wazi katika nyumba yoyote. Lakini likijirudia, au likimkuta mtoto, mzee, mjamzito au mtu anayetembea kwa mkongojo, mizani inabadilika, kwa sababu hao hawawezi kusimama imara mbwa anapowarukia na kuanguka kwao pekee kunaweza kuwa jeraha kubwa.

Pale ambapo hakuna aliyeumizwa na mwenye mbwa si mtu wa vitisho, mimi napendelea kuanza na mazungumzo. Usiende ukiwa bado unatetemeka kwa hasira, wala usiende wakati mbwa wako nje. Chagua saa ya mchana, jitambulishe kwa jina na namba ya nyumba yako, kisha eleza tukio moja kwa siku na saa yake badala ya kumwambia kwamba mbwa wake ni wabaya. Mtu anayeambiwa, "Jana asubuhi mbwa wako walipita kwenye ubao uliovunjika wakamfuata binti yangu hadi kwenye lango letu, naomba utengeneze ua," ana jambo la kufanya. Anayeambiwa kwamba mbwa wake ni hatari ana jambo la kubishia tu. Ukishindwa kumwona, andika barua fupi ya adabu, weka tarehe na ubaki na nakala. Usifanye hivyo, hata hivyo, kama jirani ameshakutukana, ananuka pombe kila mara, au amewahi kuwachochea mbwa wake dhidi ya mtu. Hapo hakuna ujirani wa kuulinda kwa kuhatarisha mwili wako.

Iwe utazungumza naye au la, anza kuweka kumbukumbu tangu siku ya kwanza. Daftari la kawaida linatosha. Andika tarehe, saa, mahali hasa, mbwa wangapi na wa rangi gani, walichofanya, nani mwingine aliona na mwenye mbwa alisema nini. Hapa watu wetu wanahitaji tahadhari moja: tuliozoea kuhesabu saa kwa Kiswahili tunaweza kuandika saa mbili asubuhi tukikusudia saa 08:00, na ofisa akisoma 2 atadhani tukio lilikuwa usiku wa manane, kisha ushahidi mzima ukaonekana umepikwa. Tumia saa za tarakimu nne. Maelezo yenye uzito husomeka hivi: "Jumanne, 07:45, mbele ya lango langu. Mbwa wawili, mmoja wa kahawia na mmoja mweusi mwenye doa jeupe kifuani, walitoka peke yao, mweusi akasimama mbele ya mwanangu wa miaka sita akinguruma, tukarudi ndani. Mpeleka barua aliona." Hakuna neno la kumhukumu mtu hapo, na ndiyo nguvu yake.

Picha na video za simu zinasaidia zikichukuliwa bila kusogea karibu na mbwa. Kamera ya mlangoni nayo inasaidia, ila ikiwa inaona bustani ya jirani au barabara, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inakuhusu, hivyo ielekeze kwenye lango lako kadiri inavyowezekana. Usizisambaze video hizo kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa pamoja na jina la jirani, kwani utageuza shauri la usalama kuwa shauri la heshima yake.

Taarifa hupelekwa wapi? Mbwa akiwa nje bila mtu yeyote, huyo kisheria ni mbwa aliyepotea, na jukumu la kumchukua ni la halmashauri, ambayo huwa na ofisa wa mbwa au idara ya afya ya mazingira. Mbwa aliyechukuliwa huhifadhiwa kwa siku 7, na mwenyewe humkomboa kwa kulipa ada na gharama za kumtunza. Kwa kuwa kila mbwa wa zaidi ya wiki 8 anatakiwa kuwa na chipu yenye taarifa za mwenyewe, si rahisi jirani kukana kwamba ni wake. Mbwa wakiwa wanatishia watu mara kwa mara, halmashauri hiyohiyo inaweza kumwonya mwenyewe kwa maandishi, na asipojirekebisha ikampa notisi chini ya sheria ya mwaka 2014 ya kukabili tabia za kero, inayoweza kumtaka atengeneze ua, awafunge mbwa kamba au awapeleke kwenye mafunzo. Kuivunja notisi hiyo ni kosa la jinai. Kama nyumba ya jirani ni ya halmashauri au ya chama cha nyumba, mwarifu pia mwenye nyumba, kwa sababu mikataba mingi ya upangaji ina masharti kuhusu mbwa na kero kwa majirani.

Polisi hupigiwa 999 iwapo mbwa anashambulia au yuko karibu kushambulia wakati huo, na 101 kwa jambo lililokwisha kutokea. Nenda polisi moja kwa moja ikiwa mbwa anaonekana kuwa wa aina zilizopigwa marufuku. Mfano ni XL Bully, ambaye tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kuwa naye bila cheti maalumu, na mwenye cheti lazima amfunge kamba na kifungio cha mdomo awapo hadharani. Usijitie kuamua aina ya mbwa, eleza umbo lake na uwaachie wao wapime. Na kama jirani amemwamuru mbwa akukabili huku akitukana rangi yako, hijabu yako au nchi yako, hiyo si tena habari ya ua mbovu. Ni jinai ya chuki, na useme hivyo waziwazi unapopiga simu. Asiyejiamini kwa Kiingereza aombe mkalimani wa Kiswahili kabla ya kuanza kueleza.

Sasa nigusie hofu zenyewe, kwa maana zinawazuia watu wengi kuliko ukosefu wa maarifa. Taarifa kuhusu mbwa haihusiani na maombi yako ya viza au ukaazi, na halmashauri inachotaka kujua ni wewe ni nani, unaishi wapi na nini kimetokea. Kwa ndugu ambaye hana kibali cha kuishi nchini hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa polisi wanaweza kupeana taarifa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Huyo apate kwanza ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji, au atoe habari bila jina kupitia shirika la Crimestoppers kwa namba 0800 555 111. Halmashauri nyingi hazimtajii jirani jina la mlalamikaji, lakini kama ni nyumba yako pekee inayotazamana na ua ule, jirani atakisia, na afadhali ujiandae kwa hilo. Suala likifika mahakamani, huenda ukaombwa kutoa ushahidi. Mwenye nyumba yake mwenyewe azingatie pia kwamba siku ya kuiuza ataulizwa kwenye fomu kuhusu migogoro na malalamiko baina yake na majirani, na anatakiwa ajibu ukweli. Sioni kuwa hiyo ni sababu ya kunyamaza wakati mtoto yuko hatarini, ila ni sababu ya kujaribu mazungumzo kwanza pale yanapowezekana.

Wapo wanaosema kwamba kumripoti mtu ni kumwonea. Mimi naona kinyume chake. Mwenye mbwa anayeripotiwa mapema hupata onyo, ua unatengenezwa na mbwa wanabaki hai. Mwenye mbwa ambaye majirani wote walimwonea haya mpaka mtu akajeruhiwa anakabiliwa na kifungo kinachoweza kufika miaka 5, au miaka 14 mtu akifa, na mahakama inaweza kuamuru mbwa auawe. Anayemtakia jirani yake mema hamwachi afike huko.

Mkikutana na mbwa hao njiani kabla jambo halijatatuliwa, msikimbie wala kupiga kelele, maana kukimbia humchochea mbwa afukuze. Wafundishe watoto kusimama wima, mikono ikiwa imeshuka, wasimkazie mbwa macho, kisha warudi nyuma polepole. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, lipigwe picha, na ushauri wa daktari upatikane siku hiyohiyo kupitia namba ya simu ya ushauri wa afya, 111, kwani meno ya mbwa huingiza vijidudu ndani hata tundu likiwa dogo. Kichaa cha mbwa hakipo kwa mbwa wa Uingereza, kwa hiyo hofu hiyo tuliyotoka nayo nyumbani isiwatie watu kiwewe. Lakini ukiwa likizo Kenya au Tanzania ugonjwa huo bado upo, na aliyeng'atwa huko asisubiri hata siku moja kutafuta chanjo.

Kwa walioko Marekani, njia ni idara ya kudhibiti wanyama ya mji au kaunti, na sheria hutofautiana kwa kila jimbo. Katika California mwenye mbwa hulipa fidia ya kung'ata hata kama mbwa hakuwahi kuonyesha ukali kabla, ilhali katika Texas mara nyingi mdai anapaswa kuonyesha kwamba mwenyewe alijua au alipaswa kujua tabia ya mbwa wake. Katika majimbo ya namna hiyo, taarifa ya maandishi iliyotolewa kabla ya ajali ndiyo huonyesha kwamba alijua.

Ukishatoa taarifa, omba namba ya kumbukumbu na jina la ofisa, na kila tukio jipya liongeze chini ya namba hiyohiyo badala ya kuanza upya. Wahimize majirani wengine walioathirika watoe taarifa zao wenyewe, kwa sababu sauti za nyumba tatu husikika haraka kuliko ya moja. Halmashauri ya England isipochukua hatua, wasilisha malalamiko rasmi kupitia utaratibu wake, umwandikie diwani wa kata yako, na ukiwa hujaridhika na jibu la mwisho, peleka shauri kwa Mchunguzi wa Malalamiko ya Serikali za Mitaa, ambaye huduma yake haina malipo na ambaye kwa kawaida hupokea mambo yaliyojulikana kwa mlalamikaji ndani ya miezi 12.