Saa moja ya jazi na fyusheni (jazi iliyochanganywa na roki na fanki) redioni, kwa studio za Nyanda za Juu Kusini

Ukimwambia msikilizaji wa Mbeya au Iringa kwamba usiku huu ni wa jazi, huenda akasubiri bendi za dansi, Morogoro Jazz au Western Jazz. Usimvunje moyo. Fungua kwa dansi la miaka ya 1960 au 1970 ambalo saksofoni imepewa nafasi ya kutosha, kisha weka "Grazing in the Grass" ya Hugh Masekela (1968), isiyofika dakika 3. Hapo sikio limeshazoea ala kushika zamu ya mwimbaji.

Piga hesabu ya muda kwanza. Kipindi cha saa 3 hadi saa 4 usiku, ukitoa taarifa ya habari dakika 5 na matangazo dakika 6, kinabaki na dakika 49. Dansi dakika 5, Masekela 3, "Take Five" 5 na nusu, "Birdland" 6, "Chameleon" karibu 16: jumla 35 na ushee. Zinazobaki ni za kuongea na salamu za wasikilizaji. Kibao kirefu kiwe kimoja tu kwa saa. Ukitaka "So What" ya Miles Davis (1959, dakika 9 na ushee), "Chameleon" ingoje wiki ijayo. "Bitches Brew", pia ya Miles Davis, dakika 27 hivi, iachie kipindi cha saa mbili. Kibao kirefu kikae katikati, kwa sababu kikikaa mwisho habari zitakikata. Ikibidi kukitoa kabla hakijaisha, shusha sauti pale mpigaji mmoja anapomaliza zamu yake. Ukimkata katikati ya maelezo yake, hata asiyejua jazi atahisi amepokonywa kitu.

Kabla ya kila kibao mpe msikilizaji kitu kimoja tu cha kushika. Kwenye "Take Five" ya bendi ya Dave Brubeck (1959) mwambie ahesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili. Kwenye "Birdland" ya Weather Report (1977), asikilize ile melodi nyembamba ya juu mwanzoni: ni gitaa la besi la Jaco Pastorius. Kwenye "Chameleon" ya Herbie Hancock (1973) ni kinyume chake, maana besi inayofungua ni kinanda cha elektroniki, ARP Odyssey, anachopiga Hancock mwenyewe. Kwenye "So What", besi ya Paul Chambers inauliza na wenzake wanajibu kwa noti mbili. Sentensi mbili zinatosha. Wasifu wa Miles Davis tangu utotoni hauna kazi hapa.

Sasa sauti, ambako vipindi vingi vya jazi huharibikia. "So What" inaanza kwa piano na besi kwa unyenyekevu mkubwa. Kama mtambo wenu una kihisi ukimya, kinaweza kudhani studio imezimika na kurusha muziki wa akiba juu yake. Mwombe fundi mitambo aongeze sekunde za kusubiri. Kompresa, kifaa cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, nayo huvuta juu kila kilicho kimya, pamoja na mvumo wa tepu, halafu tarumbeta ikiingia inakandamiza vyote, na sauti inakuwa kama inapumua. Kwa saa hiyo uwiano wa kukandamiza wa 2:1 au 3:1 wenye kuachia polepole unafaa kuliko ule wa bongo fleva. Mafaili yasawazishwe kwa wastani wa ukubwa wa sauti, mathalani -23 LUFS (kipimo cha wastani huo), si kwa kilele. Ukifuata kilele, rekodi ya 1959 itaonekana imelala mbele ya ya juzi.

Usiamini spika za studio peke yake. Muuza duka wa Mwanjelwa, Mbeya, ana redio ya spika moja ndogo, na kwa sauti nzito, chini ya hezi 200, haina la kusema. Jaribu kila kibao kwenye redio ya namna hiyo. Solo ya besi ikipotea, chagua kingine. Bonyeza pia kitufe cha mono. Kama kibao kinatoka kwenye santuri na sauti zinazosikika katikati ya spika mbili zikatoweka, nyaya za upande mmoja wa kichwa cha sindano zimebadilishana. Walio nyuma ya milima, mabonde ya Makete au Ileje, mara nyingi hupata stereo yenye kelele kwa kuwa inadai mawimbi yenye nguvu kuliko mono. Waelekeze wageuzie redio zao kwenye mono, na kama ni wengi, fundi arushe kipindi kizima kwa mono. Jazi ya 1959 haitakufa.

Waya wa mashine ya santuri uingie kwenye tundu la fono. Ukiuchomeka kwenye laini, tundu la vifaa vingine, sauti itakuwa nyembamba na hafifu, kwa sababu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa. Fono ndiyo inayorudisha usawa. Mvumo mzito usiokoma maana yake waya wa ardhi haujafungwa. Uzito wa sindano ufuate karatasi ya mtengenezaji, kwa kawaida gramu 1.5 hadi 2. Kupunguza ili kuionea huruma santuri ni kosa: sindano nyepesi hurukaruka mferejini na kuuchimba, na tarumbeta ndiyo huanza kukwaruza. Tafuta mwanzo wa sauti, kisha rudisha sahani nusu mzunguko kabla ya kuachia, la sivyo noti ya kwanza itaingia ikiburuzika.

Vumbi la Julai hadi Oktoba lipanguse kwa brashi ya nyuzi za kaboni. Uchafu sugu utoe kwa maji ya betri yasiyo na asidi na kitambaa laini. Wasikilizaji wakileta santuri nzito za kasi ya 78, spiriti isiziguse: huyeyusha lakiri iliyozitengeneza.

Kibao kikiisha taja mpigaji, jina la kibao na mwaka, taratibu, maana kuna anayeandika. Mtunzi nenda naye kwa makini kwenye orodha ya vibao inayopelekwa kwa wasimamizi wa hakimiliki: "Take Five" wengi huiandikia Dave Brubeck kwa kuwa bendi ni yake, lakini aliyeitunga ni mpiga saksofoni wake, Paul Desmond.