SOMO: Kurekodi sauti yako nyumbani (soma lote kabla ya kuniuliza "maiki gani")

Wakuu, salaam. Nimechoka kujibu swali moja kila siku, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Ukinifuata inbox na swali ambalo jibu lake liko hapa, nitakurudisha hapa.

1. Programu: Audacity kwa kompyuta, BandLab kwa simu. Zote bure.

2. Hedfoni ziwe za waya. Za Bluetooth zinachelewesha sauti. Utaimba nyuma ya biti halafu useme programu mbovu. Na biti usiipige kwenye spika. Ikishaingia kwenye maiki pamoja na sauti yako, kuitoa ni kazi.

3. Chumba. Sauti yako inafika kwenye maiki mara mbili: kwanza kutoka mdomoni, kisha baada ya kugonga ukuta, vigae na dari. Hiyo ya pili ndiyo inayofanya rekodi isikike kama umeimbia bafuni, na maiki ya bei kali inainasa vizuri zaidi. Dawa yake ni kitu kinene na laini. Sasa sikilizeni: maiki nyingi za kuimbia husikia upande wa mbele, na mbele yake upo wewe na ukuta ulio nyuma yako. Kwa hiyo godoro lisimame NYUMA YA MGONGO WAKO, si nyuma ya maiki. Huna godoro la ziada? Fungua kabati la nguo, lipe mgongo. Piga kofi moja; mlio ukibaki hewani, ongeza blanketi.

4. Umbali: shubiri moja toka mdomoni, maiki ikae pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiipige usoni. Kunja hanga ya waya iwe duara, ivalishe soksi ya kike ya nailoni, iweke katikati yako na maiki.

5. Leveli. Hapa ndipo kazi nzuri nyingi zinapofia. Mtu anasema "haloo haloo" taratibu, anapandisha gaini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki inapoingia) mpaka mshale uonekane umechangamka, kisha anafika kiitikio, anafungua koo, na kila kitu kinagonga 0, mwisho kabisa wa kipimo. Ukivuta karibu mchoro wa wimbi la sauti utaona vilele vimekatwa kama ukoka uliopitiwa na fyekeo. Kupunguza sauti baadaye hakuponyi. Unapata mpasuko uleule, mdogo kidogo. Pima kwa kuimba sehemu yako ya juu kabisa, kwa nguvu zote, vilele viishie kati ya -12 na -6 dB. Rekodi itaonekana ndogo. Iache hivyo! Kukuza utakuza baadaye.

6. Zima feni. Simu iwe kwenye hali ya ndege.

7. Hifadhi WAV, si MP3.

MASWALI

Dogo Janja wa Kwaya: Somo zuri mkuu. Sasa maiki gani nzuri kwa bei poa?
— Hatua ya 3.
— Si nimeuliza maiki lakini?
— Nimekujibu.

Mama Alto: Nimenunua maiki ya kondensa, nimechomeka kwenye interfesi (kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta), kimya kabisa. Nimeuziwa feki?
— Pole dada. Kwanza tafuta kitufe kilichoandikwa 48V, ukiwashe. Kondensa inakula umeme huo kupitia waya wa XLR. Maiki ya dainamiki kama Shure SM58 haiuhitaji, ndiyo maana ya kanisani inaita bila hicho kitufe.
— Imeita! Mungu akubariki.

Fundi Mitambo: Mbona studio kibao zimebandika trei za mayai ukutani na zinatoa ngoma kali? Unatupotosha.
— Ngoma kali inatoka kwa mwimbaji na prodyuza. Trei ni karatasi nyepesi, inagusa kidogo sauti za juu tu, uzito wa chini unapita kama kawaida. Usinibishie, tundika blanketi usikie mwenyewe.

Kasida: Samahani, kwa nini blanketi likining'inia mbali kidogo na ukuta linafanya kazi kuliko likibandikwa?
— Swali tamu. Hewa iliyo sawasawa na ukuta karibu haitembei, na kitambaa kinakula sauti pale hewa inapotembea, ikisuguana na nyuzi. Kwa hiyo acha nafasi ya kiganja au zaidi, na likunjwekunjwe, lisinyooke. Kadiri nafasi inavyoongezeka, ndivyo linavyokamata sauti nzito zaidi. Ukijaribu, leta majibu.

Bati Jipya: Mimi nipo chini ya bati, msimu huu mvua kila jioni.
— Subiri ikatike. Hakuna programu ya kukutoa hapo.
Mama Alto: Mimi naamka saa tisa usiku. Jogoo wa jirani anaanza saa kumi, nina saa nzima.

Dogo Janja wa Kwaya: Nimeweka godoro, kweli tofauti ipo. Prodyuza yuko Mwanza, namtumiaje?
— Sasa tunaongea. Kila faili lianze sekunde ileile inayoanza biti, hata kama wewe unaingia mbele huko, asipate tabu kupanga. WhatsApp tuma kama dokumenti.