Kuwalinda nyuki ukiwa nyumbani, hata kama hufugi

Duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na wengi wao hawatengenezi asali wala hawaishi kwa makundi. Jike huchimba kitundu chake ardhini, au hutafuta tundu kwenye mti mkavu, akaweka chavua, akataga yai, akaziba mlango na kwenda zake. Nyuki hawa wapweke ndio tunaowaua zaidi bila kujua, kwa jembe, kwa saruji na kwa bomba la dawa. Hakuna mrina asali anayewaangalia. Uhai wao unategemea nyua na bustani za watu wa kawaida.

Dawa kwanza

Ukiwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu, lifanye hili. Kabla ya kununua dawa ya wadudu, mjue mdudu anayekusumbua. Vidukari hung'oka kwa maji ya mpira yenye nguvu, asubuhi mbili tatu mfululizo. Wakishikilia, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jaribu kwanza kwenye jani moja kwa sababu sabuni ikizidi huunguza, kisha nyunyiza chini ya majani jioni. Usiguse maua: maji ya sabuni yakimwangukia nyuki humuua pia.

Ikibidi dawa ya dukani, soma kibandiko. Ukiona imidacloprid, clothianidin au thiamethoxam, iache. Dawa hizi hunywewa na mmea, zikapanda na utomvu hadi kwenye chavua na nekta, kwa hiyo hata ukinyunyiza usiku, ua linalochanua baadaye linaweza kubeba sumu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya hizo tatu nje ya mabanda ya mimea mwaka 2018. Dawa nyingine zinyunyizwe jua likishazama, pasipo upepo, na kamwe si juu ya mmea uliochanua. Kosa la kawaida ni kusahau magugu yaliyochanua chini ya mazao. Yafyeke siku moja kabla. Dawa ya unga ni mbaya zaidi, maana hunasa kwenye manyoya ya nyuki kama chavua na akaipeleka mwenyewe kwa watoto wake.

Maji

Chukua sahani pana yenye kina cha sentimita 3 au 4, ijaze vijiwe, kisha mimina maji mpaka vichwa vya mawe vibaki vikavu. Bila mahali pa kutua nyuki huzama; ndiyo maana unawakuta wameelea kwenye ndoo. Mtazame mmoja akiwa juu ya jiwe: hunyoosha ulimi hadi ukingo wa maji, na tumbo lake hupwitapwita anapofyonza. Sugua sahani na kubadilisha maji kila baada ya siku 2, mbu wasipate muda wa kukua. Usiihamishe ovyo, kwani nyuki hukariri mahali. Usitie asali: asali ya kundi jingine inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa unaoozesha majana, yaani watoto wa nyuki. Kwa sababu hiyohiyo, suuza mtungi wa asali kabla ya kuutupa.

Maua

Nyuki akitoka safari moja huelekea kushika aina moja ya ua, hivyo fungu la mita moja ya mraba la ua lilelile humfaa kuliko miche ishirini iliyotawanyika. Chagua maua ambayo kitovu chake kinaonekana. Yale yaliyozalishwa yawe na petali tele hupendeza macho, lakini mara nyingi chavua haipo au haifikiki. Gusa katikati kwa kidole. Kikitoka na vumbi la njano, ua hilo linalisha. Mrihani, giligilani, alizeti na maboga ni mwanzo mzuri. Viungo vya mboga viache theluthi moja vichanue badala ya kuvikata vyote. Halafu andika mwezi gani bustani yako haina ua hata moja, na panda kwa ajili ya mwezi huo.

Mahali pa kuzalia

Acha kipande cha ardhi tupu kinachopigwa na jua, bila matandazo wala plastiki. Vichuguu vidogo vyenye tundu la upana wa penseli si lazima viwe vya siafu. Subiri uone nani anaingia.

Kwa wale wa kwenye miti, chukua gogo kavu gumu lisilopakwa rangi wala dawa. Toboa kwa keekee matundu ya kipenyo cha milimita 4 hadi 10, kina cha sentimita 10 hadi 15, yasitokee upande wa pili. Kina kina sababu: aina nyingi hutaga mayai ya majike ndani kabisa na ya madume karibu na mlango, hivyo tundu fupi huzaa madume wengi zaidi. Piga msasa midomo ya matundu, vibanzi visichane mabawa. Lifunge imara, lisining'inie, kimo cha mita moja hivi, lielekee jua la asubuhi na likingwe mvua. Likilowa, ukungu huua watoto. Magogo madogo mawili matatu yaliyoachana ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu vimelea hujazana penye wengi. Baada ya miaka 2 weka jipya.

Kundi likitua kwako

Kundi lililoning'inia kwenye tawi kwa kawaida limepumzika huku wapelelezi wakitafuta makao, na huondoka baada ya saa chache au siku chache. Usilifukize wala kulirushia kitu. Weka watoto na mifugo mbali, mwite mfugaji nyuki. Wakishaingia ukutani au darini, usizibe tundu wakiwa ndani na usiwapulizie dawa: watakufa, masega yataachwa bila mlinzi, na asali itavuja na kuvuta wadudu wengine. Mfugaji akiwatoa, hakikisha masega yote yametoka na tundu limezibwa siku hiyohiyo, maana harufu ya nta huita kundi jingine.